Jino la pembe limeota mzizi

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Walikuwa na maana pana, kwamba cha kuazima hakijazi nafasi ya kilichopotea. Lakini methali yenyewe ilianzia kinywani. Waliona wazi kwamba jino lililochongwa kwa pembe ya ndovu, hata ling'ae namna gani, halina mzizi. Utatabasamu nalo mbele za watu, lakini ukiletewa muhogo wa kuchoma au mfupa wa mbuzi, utalivua kwanza na kulifunga kwenye leso.

Nimeikumbuka methali hiyo kwa sababu ya Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu. Alikuja nyumbani jioni moja, na baada ya shikamoo na marahaba akatoa mfukoni kipeperushi cha kliniki ya meno. Kilikuwa na picha ya mzee anayecheka huku ameshika mhindi wa kuchoma, na maneno makubwa yasemayo: meno ya kudumu, juu na chini, kwa siku moja. "Mwanangu," akaniambia, "wewe kazi yako ni kuuliza watu. Hebu niulizie. Haya ni kweli, au ni mazingaombwe?"

Nikamwuliza amebakiwa na meno mangapi. Juu hana hata moja, na huvaa meno ya bandia ya plastiki. Chini yamebaki sita ya mbele, na mawili kati ya hayo yanatikisika. Kliniki imemshauri ayang'oe yote sita ili afungiwe safu mpya nzima. Bei aliyotajiwa ni ya mamilioni ya shilingi, na ingemeza sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake.

Sikuwa na jibu siku ile. Nilikwenda kusoma na kuuliza, na leo nawaletea nilichopata, kwa kuwa naamini Mwalimu si peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inakadiria kwamba katika dunia nzima, karibu watu 7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 au zaidi hawana jino hata moja. Kwa wale wenye miaka 60 na kuendelea, idadi hiyo hufika 23 katika kila 100. Yaani wakikaa wazee wanne kwenye mkeka, karibu mmoja wao ni kibogoyo kabisa.

Kwanza tutazame meno ya bandia yenyewe, maana si jambo la jana. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Wengi husimulia kwamba alivaa meno ya mti. Si kweli. Meno yake ya bandia yalitengenezwa kwa pembe za wanyama, kiboko akiwa mmojawapo, kwa meno ya wanadamu, na kwa madini ya risasi na springi. Jino la pembe, basi, liliwahi kukaa hata kinywani mwa mkuu wa dola, na yeye pia lilimsumbua.

Tangu miaka ya 1930 meno ya bandia yamekuwa yakitengenezwa kwa aina ya plastiki iitwayo akriliki, ambayo ni nyepesi na hutiwa rangi ya ufizi. Ni msaada mkubwa, na sitaki mtu ayadharau. Mzee aliyepimwa vizuri na kutengenezewa na fundi hodari huweza kula, kusema na kucheka bila aibu kwa bei ambayo wengi wanaimudu. Tatizo kubwa liko taya la chini. Seti ya juu hunata kwenye kaakaa, kama bakuli lililofunikwa juu ya meza yenye maji. Seti ya chini haina kaakaa la kunatia. Imepanda tu juu ya ukingo mwembamba wa ufizi, na ulimi huisukuma huku, mashavu kule. Ndiyo maana wazee wengi huvaa ya juu, ya chini wakaiacha ndani ya bilauri.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hatukuambiwa. Mfupa unaoshika meno upo pale kwa ajili ya meno. Jino likitoka, mfupa ule huanza kupungua, kama tuta la shamba lililoachwa bila mazao, ambalo kila mvua hulisawazisha kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1972, uliowafuatilia watu wenye meno ya bandia kwa miaka 25, ulionyesha kwamba mfupa huendelea kupungua mwaka hata mwaka, na kwamba taya la chini hupungua takriban mara nne ya lile la juu. Seti iliyokaa sawasawa mwaka wa kwanza, mwaka wa kumi inaelea. Fundi hulaumiwa bure. Msingi ndio uliodidimia.

Sasa tuje kwenye mzizi. Ajabu ni kwamba mzizi wa bandia haukugunduliwa na daktari wa meno. Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Sweden, mtafiti aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa. Alipachika kifaa kidogo cha madini ya titani katika mfupa wa mguu wa sungura. Alipomaliza kazi yake akataka kukichomoa akitumie tena. Kikakataa. Mfupa ulikuwa umekishika kama kwamba ni kiungo chake wenyewe. Mtu mwingine angekasirikia hasara ile, lakini Brånemark akajiuliza: kama mfupa unaipokea titani namna hii, kwa nini isiwe mzizi wa jino?

Mwaka 1965, mjini Göteborg, alimpata mgonjwa wa kwanza. Jina lake ni Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya, asiye na meno ya chini, aliyepata taabu kula na kusema. Akatiwa skrubu nne za titani katika taya la chini, na juu yake yakafungwa meno. Larsson alifariki mwaka 2006, na skrubu zile alikuwa bado anazitumia. Ni zaidi ya miaka 40. Hata hivyo, madaktari wengi wa meno waliibeza kazi hiyo kwa miaka mingi, na haikukubalika sana nje ya Sweden mpaka ulipofanyika mkutano wa wataalamu huko Toronto, Canada, mwaka 1982.

Njia ya mwanzo ilikuwa ndefu. Mgonjwa alitiwa skrubu, akafunikwa ufizi, akasubiri miezi kadhaa mfupa ushike, ndipo akafungiwa meno. Na ambaye mfupa wake wa nyuma ulikuwa umekwisha, ilibidi mara nyingi aongezewe mfupa kwa upasuaji mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mjini Lisbon nchini Ureno, daktari Paulo Maló na wenzake walipata ufumbuzi. Walitumia skrubu nne tu kwa taya zima. Mbili za mbele zilisimama wima, na mbili za nyuma zililazwa kwa mshazari, hata kufikia nyuzi 45. Kwa kuzilaza hivyo, skrubu hushika mfupa mzuri wa mbele na kuukwepa mshipa wa fahamu katika taya la chini. Katika taya la juu huukwepa uwazi wa hewa ulio nyuma ya shavu. Matokeo ya kwanza ya njia hiyo waliyachapisha mwaka 2003, na leo inatumika katika nchi nyingi, ingawa wako madaktari wanaopendelea skrubu sita.

Juu ya skrubu hizo hufungwa safu moja ya meno kumi, kumi na mawili au zaidi yaliyounganishwa pamoja, mithili ya banda lenye paa moja juu ya nguzo nne. Mwenyewe hawezi kuivua. Anayeifungua ni daktari, kwa bisibisi yake. Haichezi mtu anapocheka wala haihitaji gundi. Na kwa kuwa haifuniki kaakaa, aliyefungiwa juu hulisikia tena joto la chai na ladha ya mchuzi. Vipandikizi vikitiwa vizuri na kutunzwa, zaidi ya tisa katika kila kumi huwa bado vimeshika baada ya miaka kumi. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza la Mwalimu ni kwamba haya si mazingaombwe. Jino la pembe, ndugu zangu, limeota mzizi.

Lakini maneno yale "kwa siku moja" yanahitaji ufafanuzi. Yanayofungwa siku ile kwa kawaida ni meno ya muda, ya plastiki. Kabla ya siku ile kuna kupimwa, kupigwa picha za eksrei zinazoonyesha unene wa mfupa, na kutibiwa ufizi kama unaumwa. Baada yake kuna miezi mitatu hadi sita ya kungoja mfupa uishike titani. Katika muda huo, hasa wiki za mwanzo, mgonjwa hula uji, ndizi za kupondwa, samaki laini na wali ulioiva sana. Baadaye ndipo hutengenezwa safu imara. Yule mzee wa kwenye kipeperushi hakuula mhindi wake siku ile aliyotoka kliniki. Kama aliula, basi alikaidi amri ya daktari wake.

Jambo la pili ni neno "kudumu". Titani haiozi, hiyo ni kweli. Lakini ufizi na mfupa unaoishika ni nyama na mfupa wa mtu, na huumwa. Mabaki ya chakula huingia chini ya ile safu. Yasipotolewa, hugeuka ukoga, ufizi huvimba, kisha mfupa huanza kuliwa kimyakimya. Nasema kimyakimya kwa sababu mzizi wa titani hauna hisia kama jino, na mara nyingi haupigi kelele ya maumivu mpaka mambo yameharibika. Anayefungiwa meno haya hana budi kusafisha chini yake kila siku kwa brashi ndogo na uzi maalumu, na kurudi kwa daktari kila mwaka, mara moja au mbili, maisha yake yote. Mvuta sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye kusaga meno usingizini, aliyepigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, na anayetumia dawa fulani za kuimarisha mifupa, wote hao wako katika hatari zaidi, na lazima wamwambie daktari mapema.

Nimefika sasa kwenye meno sita ya Mwalimu. Hapa ndipo hasa nilipotaka kufika.

Meno haya ya kufungwa ni neema kwa mtu ambaye meno yake yamekwisha. Si sababu ya kuyamaliza meno yaliyobaki. Madaktari wawili niliowauliza, kila mmoja kwa wakati wake, walinipa neno moja: jino linaloweza kutibika lina thamani kuliko skrubu. Jino la asili limetundikwa ndani ya mfupa kwa nyuzi laini ajabu, zinazomwambia mtu kwamba ametafuna punje ya mchanga kabla hajavunja kitu. Hakuna kiwanda kilichoweza kuzitengeneza. Na jino likishang'olewa halirudi, hata mgonjwa ajute vipi.

Tuseme ukweli. Kwa anayeuza, kung'oa yote kuna urahisi wake. Kutibu ufizi, kuziba jino hili, kusafisha mzizi wa lile, ni kazi ya kidogo kidogo, ya miezi, na faida yake ni ndogo. Kung'oa na kufunga safu mpya ni kazi moja kubwa yenye malipo makubwa. Sisemi kwamba kila anayeshauri kung'oa ana tamaa. Wapo wagonjwa ambao meno yao yote yameoza au kulegea kiasi kwamba kuyang'ang'ania ni kuwaongezea mateso. Lakini mgonjwa ana haki ya kuonyeshwa jino moja moja kwenye picha na kuambiwa: hili haliponi kwa sababu hii, na hili linapona kwa njia hii. Mwalimu hakuonyeshwa hivyo. Aliambiwa tu kwamba meno machache hayana maana.

Tena kuna njia ya katikati, ambayo vipeperushi vingi haviitaji. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikubaliana kwamba mtu asiye na meno ya chini kabisa inafaa apewe kwanza, badala ya seti ya bandia ya kawaida, seti inayoshikwa na skrubu mbili tu. Seti hiyo ina vishikizo kama vile vifungo vya chuma vya kubana kwenye nguo. Mwenyewe huibana asubuhi na kuibandua usiku akaisafisha. Ni kweli kwamba inavuliwa, lakini haielei wakati wa kula. Skrubu ni chache, kusafisha ni rahisi kwa mzee ambaye vidole vimeanza kutetemeka, na gharama ni pungufu kuliko ile ya safu nzima ya kufungwa. Kwa watu wengi wa kipato cha kawaida, pengine hilo ndilo swali la kuuliza kwanza.

Basi, msikilizaji uliye na mzee nyumbani, au wewe mwenyewe unayehesabu mapengo, kabla hujalipa senti moja uliza haya. Je, lipo jino langu linaloweza kuokolewa? Nani atakayetia skrubu, na amesomea kazi hiyo wapi? Bei hii ni ya meno ya muda tu, au na yale ya mwisho pia? Skrubu moja ikikataa kushika, nani atagharimia? Nitasafishaje, na nani atanifundisha? Nipe kadi yenye aina na vipimo vya skrubu zangu, kwa sababu aina ni nyingi na bisibisi ya aina moja haifungui ya nyingine. Na kwa wale wanaosafiri kwenda India au Uturuki kutafuta unafuu, waulize pia ni nani hapa nyumbani atakayezikaza skrubu zikilegea baada ya miaka mitatu. Nauli ya ndege nayo ni sehemu ya bei.

Daktari mwaminifu hatachukizwa na maswali haya. Akichukizwa, umekwisha kupata jibu lako bila malipo.

Na sisi ambao bado tuna meno yetu, tusijidanganye kwamba sayansi imetuondolea kazi. Mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, kupunguza sukari na soda, kuacha tumbaku, na kumwona daktari wa meno kabla ya maumivu na si baada yake. Hayo yote kwa miaka 30 yanaweza kugharimu chini ya safu moja ya meno ya kufungwa. Wengi wetu humwendea daktari siku tunapotaka kung'olewa, kisha tunashangaa kwa nini yeye naye anajua kung'oa tu.

Nilimrudia Mwalimu na kumweleza yote haya. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wake, kichwa akiinamisha upande. Juma lililofuata akaenda hospitali nyingine kuomba maoni ya pili. Huko wamemwambia kwamba meno manne ya chini ni mazima. Mawili yanatikisika kwa sababu ya ugonjwa wa ufizi, na yatatibiwa kwanza, ndipo ijulikane kama yatapona au yatang'olewa. Seti ya juu, aliyoivaa miaka kumi na mmoja bila kuirudisha kwa fundi hata mara moja, itatengenezwa upya. Habari ya skrubu wataizungumza ufizi ukishapona, na atakapokuwa amejua ni kiasi gani cha fedha yake anaweza kukitoa bila kuwanyima watu wake chakula.

"Kumbe," akaniambia, "walitaka kunipa dawa ya pengo kwa kuniongezea mapengo."

Ndugu wasikilizaji, sina la kuongeza juu ya hilo. Nawatakia juma jema, na meno ya kulitafuna. Kwaherini.